Kidole cha Mwenye Nyumba

Zuhura,

Salamu sikuandikii. Mtu anamjuliaje hali mtu anayemsikia akikohoa chumba cha pili? Tangu alasiri nakusikia unafungua sanduku, unafunga, unafungua tena, na kila ukifunga unalibamiza kama vile ndani umenitia mimi. Bamiza tu. Sanduku lenyewe lilikuwa la baba yako, limezoea.

Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu umeshaniponza mara nyingi, na mkono angalau hupumzika kabla ya neno linalofuata. Tena kwa sababu tangu siku ile umenipa maneno matatu tu: ndiyo, apana, nimeshiba. Asiyetujua atadhani unajibu polisi. Basi soma. Kusoma si kuongea nami, hutakuwa umevunja mgomo wako.

Mambo ya safari sitayagusa. Meli inaondoka asubuhi, mjomba wako Idi atakusubiri bandarini Kigoma. Habari ya dawa, ya chakula, ya nani usimwamini melini, hiyo shangazi yako ameshakuhubiria mpaka paka akatoka nje. Mi nataka kukuambia habari ya kazi. Unajua sijui kuongea kingine.

Ulizaliwa ndani ya vumbi la plasta. Baba yako Hamadi alipofungua atelieri hii, karakana yetu, hapa Buyenzi alikuwa na meza moja, miiko miwili ya kupakia plasta, na jina refu kuliko mlango: Atelieri Hamadi na Wanawe, Sanaa ya Mapambo. Wana wenyewe walikuwa bado. Nilimwambia, "Wanawe gani, we mwanaume?" Akacheka, akasema jina ni kama nguo ya mtoto, unashona kubwa ili akue ndani yake. Ukaja wewe, na baada yako hakuja mwingine, na jina likabaki linapwaya.

Kazi alijifunza kwa Mgriki mmoja aliyekuwa akipamba sebule za wakubwa wa zamani, na Mgriki huyo ndiye aliyemwachia ile desturi. Unaijua, lakini acha niiandike, maana ndiyo kesi yenyewe. Nyumba ikishapambwa, kornishi, ile mistari ya plasta inayozunguka juu ya ukuta, zimevutwa pembe zote, ua la taa limekaa katikati ya plafoni, dari yenyewe, linabaki ua moja dogo. Hilo linawekwa ukutani, kulia kwa mlango wa sebule, usawa wa kifua. Likiwa bado bichi, mwenye nyumba anaitwa aje abonyeze kidole gumba kwenye petali ya kwanza. Mke wake ya pili. Watoto wanafuata. Baba yako alisema fundi haondoki mpaka nyumba imjue mwenyewe. Watu walikuwa wanacheka, halafu wanabonyeza. Nimeona mkurugenzi mzima na tai yake amesimama ananyanyua kidole cheupe, hajui akifutie wapi.

Nyumba ya Mwalimu Mathiasi kule Kinanira ilikuwa ya enzi ya Wabelgiji, ile yenye kona za mviringo na kibaraza kilichojitokeza mbele. Aliponunua, plafoni ilikuwa inadondoka vipande vipande juu ya meza ya chakula. Baba yako alishinda pale kiangazi kizima, na wewe alikuchukua kila siku, kwa sababu Nadine, binti wa Mathiasi, alikuwa rika lako. Mama yake, Spesi, aliwalisha ndizi na maharage mpaka mkasinzia juu ya mifuko ya plasta, na jioni ulikuwa unarudi kwangu mweupe kichwa mpaka miguu, umeshiba, hunitaki.

Siku ya kidole mi nilikuwepo. Mathiasi akabonyeza, taratibu, kama mtu anayesaini ndoa. Spesi akabonyeza huku anacheka. Nadine alinyanyuliwa na baba yako, akabonyeza. Ndipo wewe ukaangua kilio, na wewe unataka. Baba yako akakwambia, "Zuhura, hapa siyo kwetu. Anabonyeza mwenye nyumba."

Mathiasi akasema, "Achana naye, Hamadi. Huyu mutoto analalaka hapa kuliko kwenu. Mubebe na yeye abonyeze."

Petali ya nne ikawa yako. Ulizamisha kidole mpaka fundo, ukaharibu ua lote upande mmoja. Baba yako, ambaye mimi nikikosea mstari wa kornishi anauvunja wote turudie, hakuligusa. Alisema liko sawa.

Halafu vita. Vita sikusimulii, uliisikia mwenyewe ukiwa chini ya kitanda. Kartiye, mitaa ya mji, zikaanza kuulizana nani ni nani, na watu waliokopeshana chumvi wakaacha kuamkiana. Hapa Buyenzi tulijisemea sisi Waswahili hatuna kabila, tukafunga milango, tukasikiliza. Asubuhi moja Mathiasi akachukua mke na mtoto, wakashuka kwa njia za nyuma mpaka barabara ya ziwa, wakitafuta ufukwe wa Ruziba, maana kule kulikuwa na wavuvi wanaovusha watu. Kwenye barieri, pale wenye silaha walipoziba barabara, wakamtoa yeye. Habari walituletea hao hao wavuvi: mama na mtoto wamevuka, mwalimu amebaki barabarani. Baba yako aliinuka pale pale. Aliingia atelieri akavuta kornishi ambayo hakuna aliyeiagiza, akaivunja, akavuta nyingine.

Mwezi haukwisha, nyumba ya Mathiasi ikawaka taa. Yule bwana, mmoja wa wakubwa wa siku zile, alikuwa ameingia bila kununua, na askari wake getini. Jina lake silitii humu. Ana majina ya kutosha kwenye magazeti.

Miaka iliyofuata nani alitaka ua la taa? Watu walikuwa wanalala chini ili risasi zipite juu. Tukatengeneza misalaba ya makaburi. Sisi, Waislamu wa Buyenzi, tukamimina misalaba ya saruji mpaka kalibu ikachakaa pembe, tukachonga kalibu nyingine. Baba yako alisema aliyekufa habishani dini na fundi. Wewe ndiye ulikuwa unaandika majina kwa msumari kabla saruji haijashika, kwa sababu mwandiko wako ulikuwa mzuri. Mtoto wa shule ya msingi. Leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi, lakini siku zile niliona fahari: mwanangu ana mwandiko.

Baba yako akafa kwa sukari, wakati wa kuvrefe, mtu haruhusiwi kutoka usiku, hospitali iko pale pale na barabara imefungwa. Nikabaki na atelieri, na wewe, na Fundi Yasini wa maneno machache. Wateja wa zamani wakija wananiuliza, "Patro yuko wapi?" Nawaambia patro, mwenye kazi, ni mimi. Wanatabasamu, wanaangalia saa, wanasema watapita tena. Hawakupita. Nimeyameza hayo miaka, Zuhura, na ujue chakula kinachomezwa bila kutafunwa hakiishi tumboni. Kinakaa. Kilikuwa kimekaa siku ile wale watu wa komite ya majengo ya zamani walipokuja.

Wakubwa walikuwa wameshasaini amani kule Arusha, ingawa milimani mizinga haikuwa imesikia. Komite ikatangaza Siku za Urithi wa Majengo. Majumba ya zamani ya mji yafunguliwe, watu waingie waone, mafundi waonyeshe kazi. Yule mama wa komite mwenye skafu alikaa kwenye kiti chako hapa atelieri, akashika kalibu zetu moja moja kama mayai, akaniambia, "Madamu, nyinyi ndio wa mwisho." Wa mwisho! Na mimi, mjinga, nikasikia wa kwanza.

Akaniambia nyumba yenyewe itakuwa ile ya Kinanira. Plafoni ilikuwa imepasuka kwa mtikisiko wa bomu, inataka mkono wetu.

Nikamwuliza, "Na mwenye nyumba munamujua?"

Akasema, "Madamu, sisi tuko hapa kwa ajili ya kuta. Hatuingii siasa."

Nataka ujue kitu kimoja, maana najua umenitafutia udhuru, na mjomba wako atakutafutia mwingine. Kazi ile sikuichukua kwa njaa. Tulikuwa tunakula. Sikufanya kwa woga pia, woga ulikuja baadaye. Jibu la yule mama lilinifurahisha. Lilinipa mlango wa kutokea kabla sijasogea kwenye kiti. Nilitaka ubao wenye jina letu mbele ya jumba lile, nilitaka wale walioangalia saa waje wausome. Nilitaka sifa. Ndiyo hiyo, imeandikwa, usiitafute tena.

Tulifanya kazi nzuri. Huwezi kukataa, na wewe ulikuwepo, ulivuta kornishi ya sebule peke yako na mstari ukatoka kama uzi. Nilikuangalia mgongo wako pale juu ya jukwaa nikasema moyoni, Hamadi, njoo uone, jina limemfika. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote tangu baba yako afe. Nayo niliiharibu kwa mkono wangu.

Yule bwana alishuka ngazi na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya ua la mlangoni. Akauliza hivi vishimo ni vya nini. Mi ningeweza kusema ni kasoro. Ningeweza kusema sijui. Lakini we unanijua nikiulizwa kazi: nikamweleza desturi yote, na Mgriki nikamtia. Uso ukamwangaza. Yule mama wa komite naye akasikia, akapiga makofi, akasema hii lazima ifanyike mbele ya wageni! Mwenye nyumba abonyeze, picha zipigwe! Yule bwana akaangalia ua, akaangalia mimi, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Basi Madamu utanisafishia hapa kwanza."

Nilisema ndiyo, patro.

Nikamgeukia Yasini. Nilimwangalia nikimwomba kwa macho akatae. Wallahi, nilitaka akatae. Angekataa ningemgombeza mbele ya watu, halafu ningesema fundi wangu amegoma, jamani, nifanyeje. Yasini akaniangalia vile vile, na baadaye nimeelewa kuwa na yeye alikuwa ananiomba mimi. Halafu akauliza, "Nichanganye nzito ama nyepesi?"

Nikamwambia nyepesi.

Wewe ulikuwa umeshuka jukwaani. Ulinishika mkono, ukaniuliza taratibu ili wasisikie, "Ma, na changu?"

Nikakujibu, "Na chako. Toka nifanye kazi."

Ulitoka. Ulikaa kibarazani mpaka tukamaliza, na ndiyo maana kuna kitu hukukiona, na hicho ndicho kimenikalisha hapa na kalamu.

Siku ya wageni unaijua, lakini unaijua kwa macho yako, isome kwa yangu. Magari mpaka chini ya barabara, wengi wametoka Kinindo kwa matajiri, wazungu wa mashirika na wake za wakubwa, jusi kwenye glasi ndefu. Ubao uko getini: jina la yule bwana, mtindo wa nyumba, na chini, kwa rangi ya dhahabu, Mapambo: Atelieri Hamadi na Wanawe, Buyenzi. Niliusoma nikitoka, niliusoma nikiingia. Na wewe na beji yako kifuani, gauni la bluu, umesimama kando ya ua uwaeleze wageni kwa Kifaransa. Mi nimeshika ubao wa plasta mbichi. Nilikuwa nimejipaka manukato, Zuhura. Kwenda kwenye jambo kama lile, nimejipaka manukato.

Ukaanza vizuri. Mgriki, baba yako, petali ya kwanza na ya pili. Wageni wanatikisa vichwa. Halafu ukaacha kuwaangalia wageni, ukaliangalia ua, nikajua. Ukasema wenye nyumba hii walishabonyeza. Ukasema wako wanne chini ya plasta hii, mmoja ni mwalimu aliyeuawa barabara ya Ruziba, wa pili mke wake, wa tatu binti yake, na wa nne ni wewe mwenyewe. Ukasema, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, ili hata madereva mlangoni wasikie, "Chini ya hapa wako. Hawajatoka."

 Yule mama wa komite alikuwa anaangalia viatu vyake. Na kabla mtu yeyote hajavuta pumzi, mimi, mama yako, nikacheka. Nikasema, "Musamehe, mutoto iko na homa tangu jana." Nikakuvua beji mbele yao, pini ikakuchoma, nikaona umeshtuka, nikakusukuma kwa kiwiko kuelekea mlangoni. Wakacheka na wao. Uliwahi kusikia watu wakicheka kwa shukrani? Niliwapa mlango wa kutokea, kama nilivyopewa mimi. Yule bwana akabonyeza. Picha zikapigwa. Na jina letu getini linasema na Wanawe, na mwana mwenyewe ni mmoja, na nimemtupa nje.

Usifikiri sikukukasirikia. Nilikukasirikia, na bado nimekasirika, nakuandikia nikiwa nimekasirika. Nilijiambia huyu mtoto ametuua. Na askari wa yule bwana alipokuja atelieri siku ya tatu, akakaa, akakubali chai, akauliza, "Ule binti wenu mwenye kuongea vizuri, anasomaka wapi?", mi nilikulaani wewe kwanza, yule bwana baadaye. Hiyo nayo ijue. Ndipo nikamtafuta mtu wa meli. Ukweli wako umekupatia Kigoma, na mimi umeniachia nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Kama nitakosa kukwambia kwamba uliongea haki, ni kwa sababu kila nikitaka kulisema neno hilo naona sanduku.

Lakini uliongea haki.

Sasa lile ambalo hukuliona. Ulisema wako chini. Umelisema kwa imani, na najua ukifika Kigoma utamtafuta Nadine, maana yuko kule na mama yake, wavuvi wanawaona sokoni. Na najua utakachomwambia. Utamwambia kidole cha baba yake hakijatoka, kimefunikwa tu, na siku moja mtaenda nyinyi wawili na patasi, mtafungua taratibu, mtakikuta. Ningekuwa rika lenu ningeota hivyo hivyo.

Zuhura, we ni binti wa fundi. Plasta mpya haishiki juu ya plasta ya zamani iliyo laini. Ukiipaka hivi hivi, inakaa msimu, inabanduka kama ganda la kidonda. Baba yako alikufundisha kabla hujajua kusoma: kwanza unakwaruza. Ungekuwa sebuleni siku ile ungenisikia. Nilichukua ncha ya mwiko nikakwaruza petali ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka mistari yote ya vidole ikawa vumbi, nikapuliza vumbi, nikalowesha, ndipo nikajaza. Hakuna aliyeniambia nikwaruze. Yule bwana hajui kitu kama hicho. Ningepaka juu juu ingetosha kwa picha zake, na masika mbili tatu zingeiangusha mbele ya macho yake. Hilo lingekuwa angalau jibu. Lakini mkono wangu haujui kufanya kazi mbaya. Nilikuwa nafanya uovu na nilitaka udumu.

Chini ya plasta ile hakuna mtu. Hayupo Mathiasi, hayupo Spesi, hayupo Nadine, hupo wewe. Kuna mikwaruzo ya mwiko wangu, basi. Usimpe Nadine kitu ambacho mi nilishakimaliza. Mwambie jinsi ilivyokuwa, na mwambie ni Mwajuma mke wa Hamadi aliyefanya, siyo yule bwana. Yule bwana alichukua nyumba. Kidole nilichukua mimi. Akitaka kunitukana kupitia wewe, mwache amalize.

Nilitaka nikupe wosia. Kina mama wote kesho bandarini watakuwa wanatoa wosia, na mi nimekaa hapa naona wino unakauka. Nikikwambia usitafute sifa, utanicheka, na sifa ya kazi ni tamu kweli, utaitafuta na utaionja. Nikikwambia sema kweli daima, hiyo wewe ndiye ungenifundisha. Labda hili tu, maana limenigharimu: pale sebuleni tulikuwa watu wazima wengi, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake akatae. Mi nilimngoja Yasini, Yasini aliningoja mimi, na yule mama mwenye skafu sijui alimngoja nani. Aliyeacha kungoja ni wewe peke yako, umesimama na homa yako. Siku nyingine ukijikuta unamwangalia mtu hivyo, ujue na yeye anakuangalia hivyo hivyo.

Kingine kuhusu baba yako. Huwa unaniuliza kwa nini nyumbani kwetu hakuna ua la mlangoni, nyumba ya fundi wa maua. Nilikuwa nakujibu kwamba mfinyanzi hulia gaeni, ukaridhika. Ukweli ni kwamba nilimwomba mara nyingi. Alikuwa anasema fundi hubonyeza wa mwisho, wateja kwanza, halafu siku moja tutafanya na sisi, mimi, wewe mke wangu na huyu mharibifu wa maua. Alikufa na zamu yake mkononi. Na mi baada yake nilipata plasta ya kupamba jumba la mwizi, ya ua moja la mwanangu sikupata.

Adhana ya magharibi inaita, nakusikia umeacha sanduku. Labda umechoka, labda limefungika. Barua hii naipitisha chini ya mlango wako, na nakuomba usifungue mlango sasa hivi, maana tukitazamana nitaanza kujitetea, najijua.

Kesho nitaamka kabla yako. Nitachanganya bakuli moja, nitaweka ua kulia kwa mlango wa atelieri, usawa wa kifua. Ukipita na sanduku lako litakuwa bado bichi. Sitasimama pale kukuangalia, nitakuwa uani naosha mwiko, na maji nitayafungulia ili nisisikie kama umesimama au umepita. Ukibonyeza, na mimi nitabonyeza petali ya pili, na hakuna mkono utakaokigusa kidole chako, wala wa mkubwa yeyote, wala huu wangu. Ukipita, ni haki yako, meli haisubiri na mimi sina uso wa kukuita urudi. Plasta itashika hivyo hivyo, laini. Nitaiacha. Na mteja akiniuliza mbona ua hili halina kidole, sitamwambia ni kasoro. Nitamwambia mwanangu alikuwa nacho, kule Kinanira, nikakikwaruza.

Mama yako,
Mwajuma